Ng'ombe ya Baba kwa Mkebe wa Kagendo

Wewe uliyecheza nyuma ya poshomili ukarudi nyumbani mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, hii ni yako. Hawa wengine watatusamehe.

Enzi zetu mtoto akitaka kuwa tajiri hakuhitaji simu. Alihitaji wembe na mzazi ambaye hayuko chumbani. Nitaeleza, lakini nianze na mwezi wa nane, kwa sababu ndio ulinikumbusha.

Wajukuu wangu wawili, Jayden wa miaka kumi na Tasha wa nane, waliletwa kwetu Nkubu kutoka Nairobi shule zilipofungwa. Walishuka kwa gari wameinamisha vichwa. Nikafikiri ni heshima, nikainua mkono niwabariki. Kumbe ni simu. Nikabariki hewa, mkono ukarudi chini polepole, mke wangu Kagendo akajifanya hajaona.

Jioni Jayden akanionyesha shamba lake ndani ya hiyo simu. Akaniambia, "Guka, niko na ng'ombe mia tatu." Mimi niko na moja tu, na hupiga teke. Nikauliza hizo mia tatu zinakamuliwa na nani, akasema unabonyeza tu. Nikauliza mbolea inaenda wapi. Akaniangalia vile mtu huangalia mzee.

Siku ya tatu stima ikapotea, si mnajua stima ya kwetu na mvua. Chaji ikaisha. Ng'ombe mia tatu zikafa kwa dakika moja bila hata kukohoa. Mtoto akalala kwenye kochi akiangalia dari, dada yake kando yake akiangalia dari hiyo hiyo. Nimeenda matanga mengi lakini kama hiyo sijaona.

Nikawaambia mimi nikiwa rika lao nilikuwa na ng'ombe, na mpaka leo haijakufa, iko hapa nyumbani, kwa mkebe wa shosho yao Kagendo. Wote wawili wakakaa wima. Kutoka jikoni nikasikia Kagendo akiniambia nisianze hayo maneno. Nikaanza.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakusanya vifungo. Vifungo vya nguo, basi. Usicheke. Kifungo cheupe cha shati kilikuwa kuku. Kifungo cha suruali kilikuwa mbuzi. Kile kikubwa cha koti, hicho ni ng'ombe. Mbuzi moja ni kuku tatu, ng'ombe moja ni mbuzi nne, na mimi ambaye shule niliachia kidato cha pili, hesabu yote ninayojua mpaka leo ni hiyo. Kulikuwa pia na kifungo kimoja cha shaba, kilitoka kwa koti ya askari wa msitu. Hicho tuliita chifu. Mwenyewe alikuwa anakuja nacho tu kionekane, tunakisalimia, anaenda.

Uwanja ulikuwa nyuma ya poshomili. Ukitumwa kusaga mahindi unaweka debe kwa laini, halafu unazunguka nyuma. Pale chini udongo mwekundu, juu yake vumbi ya unga, injini ikipiga tuk-tuk-tuk mpaka meno yanacheza. Tulichimba kashimo, tunasimama mbali hatua sita, kila mtu anarusha mnyama wake. Aliye karibu na shimo ndiye anaanza kupiga wengine kwa kidole gumba. Mnyama akiingia shimoni ni wako, mwenyewe atajua atamwambia nini mama yake.

Na vifungo vilitoka wapi? Mwanzoni tuliokota kwa haki. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunajitolea kufagia kanisa, na wazee wakasifu sana watoto wa siku hizo. Tulikuwa tunakaa kwa baraza ya fundi wa cherehani tukiangalia chini kama kuku. Halafu njaa ya mali ikaingia. Tukaanza kuchinja za kwetu wenyewe. Shule yetu ikafika mahali mwalimu wa zamu akisema tusimame wima, anaona vitovu mistari minne. Mimi shati yangu ilifungwa na miiba miwili ya kayaba kutoka kwa ua, nikikohoa inanidunga, naimba.

Bingwa wa hiyo mambo yote alikuwa msichana mmoja wa jirani, wa boma ya chini ya kwetu, jina lake Kagendo. Ndiyo, huyo huyo anayepika ugali hapo jikoni sasa hivi. Alikuwa na ukucha wa kidole gumba ameufuga kama mtoto. Alikuwa na mkebe wa kakao umejaa mpaka ukitikiswa unasikika kama mvua kwa mabati. Akitokea kona na huo mkebe, wanaume tulikuwa tunakumbuka tumeitwa nyumbani.

Mimi hakuniogopa hata siku moja. Alikuwa ananiambia mbele ya watu, "Kirimi, wewe na kambuzi kako, peleka nyumbani kakanyonye kwanza." Wenzangu wanaanguka wakicheka, na wao hawana hata kuku.

Sasa, ndugu yangu mkubwa Mutuma alikuwa amepata mchumba, msichana wa Runyenjes, mwalimu mzima, mwenye saa mkononi. Jumamosi moja baba na wazee wawili walikuwa waende kwao kuongea mambo ya mahari. Runyenjes ni Embu, na baba alikuwa na imani kwamba watu wa Embu huangalia mtu kuanzia viatu. Kwa hivyo akaenda kwa fundi akashonewa koti. Koti ya kahawia, vifungo vitatu, vikubwa, rangi ya kahawa iliyomwagikiwa maziwa. Ikatundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wiki nzima, na sisi tukapita kando yake tukinyamaza. Baba alikuwa na msemo wake, "Mtu bila kifungo ni boma bila lango." Huo msemo aliusema wiki hiyo mara nyingi sana, na mimi nikisikia naona ng'ombe tatu zimefungwa nyuma ya mlango, hazifanyi kazi.

Ijumaa baada ya shule nikatumwa kusaga. Asubuhi hiyo Kagendo alikuwa amemaliza kuku zangu zote na kunicheka mpaka kwa daraja. Nilikuwa nimebaki mtu maskini, wa miaka kumi, bila mbele wala nyuma. Nikaingia chumbani. Sikuiba, mimi nilipanga. Nilikata kile cha katikati, nikijua wa kwanza na wa mwisho watamfunika ndugu yao. Na nilikuwa nirudishe kabla jua halijazama, pamoja na mali yote ya Kagendo.

Nilipoweka ile ng'ombe chini, watoto walisogea nyuma. Hata injini ya poshomili nilihisi imepunguza. Kagendo akaiangalia, akalamba kidole gumba, akapiga mara moja.

Ikaingia shimoni polepole, ikizunguka, kama ng'ombe inayojua njia ya nyumbani.

Nililia. Siku hizi mtoto akilia anapewa simu, sisi tulikuwa tunaangaliwa tu mpaka tumalize. Nilipomaliza nikaambia Kagendo hiyo ni koti ya kwenda Runyenjes, na baba akijua nitakuwa marehemu. Akafikiria kidogo, kwa sababu moyo wake si mbaya, akasema, "Leta mbuzi nne. Ng'ombe ni mbuzi nne, hata kama ni ya baba yako."

Nikakimbia. Kitandani kwa Mutuma kulikuwa na suruali yake ya kesho, imepigwa pasi ya makaa mpaka mstari wake unaweza kukata nyanya. Suruali za wakati huo hazikuwa na zipu, zilikuwa na vifungo pale mbele. Nikahesabu. Vilikuwa vinne kamili. Nikaona huyu ni Mungu amepanga.

Hapa ndipo huwa nashika kichwa. Nilirudi na mbuzi nne mkononi, Kagendo ametoa ng'ombe, amenyoosha mkono tubadilishane, mambo yaishe. Lakini mimi nina akili ya biashara. Nikajiuliza, kwa nini nilipe nne na naweza kuweka moja, nishinde ng'ombe, na nibaki na tatu za faida? Nikamwambia tucheze. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia wanawake huogopa.

Mbuzi ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaifuata kuiuliza inaenda wapi. Ya tatu sikumbuki. Ya nne nilirusha nimefunga macho, na nilipofungua nilikuwa mtu wa kwanza Nkubu kuvua nguo familia nzima bila kumgusa mtu.

Jumamosi asubuhi, pikapu ya mwalimu jirani iko nje inapiga honi, baba akavaa koti. Akafunga cha juu. Akashuka katikati, vidole vikapapasa hewa. Kutoka chumba kingine tukasikia Mutuma akiita, "Mama. Mama. Mama," kila moja nyembamba kuliko ile nyingine. Mama akakimbilia chupa yake ya vifungo vya akiba. Ilikuwa tupu, mimi niliimaliza mwezi wa pili. Nyumba nzima ikapatikana pini moja. Baba na Mutuma wakaiangalia hiyo pini, na mama akaamua kwamba koti ni aibu lakini suruali ni dharura.

Baba akakagua nyuzi zilizobaki, akasema ni panya. Akasema panya wa siku hizi wameharibika, zamani walikuwa wanakula mahindi. Akaapa mbele yetu sote kwamba huyo panya akimpata atamchuna akiwa hai. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikasema hata mimi nimemsikia usiku.

Nilibebwa kwenda kushika kondoo wa mahari. Tukakaa nyuma ya pikapu, mimi na yeye na mtungi wa asali, wote wawili tukijua hatutarudi.

Kule Runyenjes walitupokea vizuri mpaka nikataka kukiri. Baba akaingia ameshika tumbo kwa mkono wa kushoto, hapo mahali pa kifungo, na hakuutoa. Alisalimia kwa wa kulia, akaketi ameshika, akaomba ameshika. Nyuma yake Mutuma anatembea hatua za njiwa, kwa sababu pini ilifunguka huko Chuka. Akiketi anasema sss. Akisimama anasema sss.

Shangazi wa msichana, mama mmoja mnene wa huruma nyingi, akawaangalia sana. Mwishowe akainama kwa baba akauliza, "Baba Mutuma, ni tumbo?"

Sasa baba aseme nini? Aseme nyumba yangu ina panya wanaokula koti, leteni binti yenu aje akae huko? Akasema, "Ni kidogo tu."

"Na kijana?"

Mutuma akasema sss, ni kidogo tu.

Yule mama akapotea jikoni. Tulisikia wanawake wakinong'ona kuhusu maji ya kule kwetu. Halafu chakula kikaja. Mbuzi mzima wa kuchoma, na mukimo, na viazi vinavyotoa moshi. Na mbele ya baba na Mutuma zikawekwa bakuli mbili za uji mwepesi, bila sukari, kwa ajili ya tumbo. Baba alikuwa mtu wa nyama. Nyama ikapita mbele yake kama treni na yeye hana tiketi. Shangazi akasimama hapo hapo kuhakikisha amemaliza, akamwongeza.

Lakini sikia hii. Ilipofika mambo ya mahari, mzee wao akasema haifai kukalisha wagonjwa. Walikuwa wamepanga kutukamua mpaka jioni. Ikaisha kwa saa moja, na wakatupunguzia mbuzi mbili za mahari, wakasema ni za dawa. Tukirudi, tukafika Chuka. Hapo nikamsikia baba ndani ya pikapu akiambia wenzake, taratibu, kwamba njaa anayo lakini hajawahi kuona panya mwenye faida namna hiyo.

Hata hivyo hakumsamehe. Jumatatu akaleta paka. Mama akashona kifungo katikati ya koti, chekundu, kutoka kwa sweta yake ya zamani, kwa sababu ndicho kilikuwa kinatosha tundu. Paka akaishi kwetu miaka kumi na moja akinenepa bila kazi, na kila akiniangalia mimi naangalia chini. Jumapili baba akisimama kanisani na hicho kifungo chekundu, kama taa ya gari imewaka nyuma, mimi najificha nyuma ya mama. Nilikua, nikaota ndevu, nikapata kazi ya kupakia ndizi kwa lori, na bado siri ilikuwa inanifuata kama harufu ya vitunguu. Mtu aliyejua ni mmoja tu. Na mimi, kwa akili yangu ile ya biashara, nikaona dawa ni kumwoa.

Kwa hivyo miaka kumi na tano baada ya ile Ijumaa, baba akavaa ile ile koti, tukashuka boma ya chini kuongea mambo ya Kagendo. Mnajua kawaida yetu, kabla wazee wapokee kitu chochote msichana huitwa mbele aulizwe kama anawajua hao wageni, na kama watu wake wapokee vitu vyao au wavirudishe. Akikataa, mnabeba kondoo yenu mnaenda. Nilikuwa nimemwomba siku tatu, nimembembeleza, nimemnunulia leso, kwamba aseme ndiyo na asiongeze kitu.

Nyanya yake akamuuliza, "Kagendo, hawa watu unawajua?"

Kagendo akaniangalia. Nikajua nimekwisha.

"Nawajua," akasema. "Hata ng'ombe yao moja ilishanifikia."

Akafungua kiganja, akaweka mezani kifungo. Kahawia, rangi ya kahawa iliyomwagikiwa maziwa.

Nikasikia kondoo nje akitafuna. Baba akakiangalia kile kifungo. Akainamisha kichwa akaangalia kile chekundu tumboni mwake. Akainua macho akaniangalia mimi, polepole, na nikaona miaka yote ikipita usoni mwake, uji, Runyenjes, paka, yote. Fimbo yake ilikuwa kati ya magoti yetu. Mimi mtu wa miaka ishirini na tano, mwenye suti ya kuazima, nikaanza kuhesabu hatua za kufika mlangoni.

Akasema, "Kumbe ni panya ndiye anaoa."

Mama ndiye alianza kucheka. Halafu wale wazee wa Runyenjes hawakuwepo, lakini nadhani walicheka huko walikokuwa. Mutuma hakucheka, alikuwa ameshika mshipi wake. Nyanya ya Kagendo alipopata pumzi akasema hiyo ng'ombe itahesabiwa, kwa sababu imekaa boma yao miaka kumi na tano bila kuugua. Ikahesabiwa kweli, nikapunguziwa. Baba akajaribu kuomba kifungo chake. Wakamwambia ng'ombe ya mahari hairudi.

Na haijarudi. Nimemwomba mke wangu huyu miaka hii yote, nikiwa mzuri, nikiwa mgonjwa, hata siku tulizika baba. Siku hiyo alikubali mwenyewe, akakitoa na sindano, akishone mahali pake kwa ile koti. Mama ndiye alikataa. Akasema mzee aende na chekundu, ndicho watu walimjulia.

Basi nilipomaliza kueleza, giza ilikuwa imeingia na hakuna mtu amekumbuka stima. Jayden akataka kuona. Kagendo akatoka jikoni akipangusa mikono, akaleta mkebe, akautikisa. Ile mvua kwa mabati. Asubuhi tulichimba kashimo nyuma ya zizi, na shosho mwenye miguu mibaya akawafyeka wote wawili ameketi kwa kiti. Tasha alilia. Tukamwangalia tu mpaka akamaliza, akarudi kwa mstari.

Siwadanganyi kwamba simu zilitupwa. Stima ilirudi, na ng'ombe mia tatu zikafufuka, sijui kwa nguvu ya nani. Lakini hizo akizikosa hakuna mtu wa kumwomba, na akizishinda hakuna mtu ameumia. Sisi mali yetu ilikuwa kidogo, ilitoka kwa kifua cha mtu unayemjua, na ukiipoteza unamwona asubuhi ameshika tumbo. Labda ndiyo maana haikutoka kichwani. Siku hizi watoto wana shamba kubwa kuliko ya chifu na hakuna hata kuku moja ya kuota usiku.

Jumapili iliyopita, kabla mama yao aje kuwachukua, nilivaa shati yangu ya kanisa. Nikafunga cha juu. Nikashuka cha pili, vidole vikapapasa hewa. Na cha tatu pia. Nikatoka nje, nikapata simu ya Jayden kwa meza imejaa chaji, peke yake. Mwenyewe alikuwa mlangoni, mkono ndani ya mfuko, anaangalia chini. Nikaangalia ile chini pamoja na yeye kwa muda. Ni chini nzuri, naijua.

Halafu nikamwita Kagendo anitafutie pini, nikamwambia panya wamerudi.